Albert Howard: Mtu aliyeiona mali ndani ya jaa

Jina la Albert Howard halitajwi sana huku kwetu Pwani. Hata hivyo, kila anayechimba shimo nyuma ya nyumba akatia humo majani makavu, maganda ya viazi na samadi ya mbuzi ili apate mboji, anafuata njia ambayo mtu huyu alitumia nusu ya umri wake kuieleza. Alikuwa Mwingereza, mtaalamu wa mimea, mtumishi wa serikali ya kikoloni kule India, na amefariki tangu mwaka 1947.

Ninaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, alifika hapa Kenya, na mnamo Februari 1933 aliahirisha safari ya kwenda kulitazama Bonde la Ufa kwa ajili ya lundo la taka. Pili, jambo alilolipigania bado halijatimia, si Nakuru, si Mombasa.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kuitamka: kilichotoka ardhini kirudi ardhini. Aliiita sheria ya kurudisha. Shamba ni kama mtungi. Ukichota kila siku usitie maji, iko siku kata itagonga chini.

Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 katika mji mdogo wa Bishop's Castle, jimbo la Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, na mtoto alikulia shambani. Baadaye alisoma sayansi London, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge, akafaulu vizuri sana. Mwaka 1899 alipelekwa visiwa vya Karibi, akafanya kazi Barbados akichunguza magonjwa ya mimea, hasa miwa.

Kule Barbados ndiko alikoanza kuona kasoro ya kazi yake mwenyewe. Alikuwa mtaalamu wa maabara, mwenye darubini na vitabu, anayewashauri watu wenye mashamba ilhali yeye hana hata kipande cha ardhi cha kujaribia ushauri wake. Daktari asiyewahi kumgusa mgonjwa atatoa dawa gani? Aliondoka huko akiwa na swali hilo, akafundisha kwa muda katika chuo cha kilimo cha Wye, Uingereza, na mwaka 1905 akapata kazi India, katika kituo cha utafiti cha Pusa, jimbo la Bihar.

Mwaka huohuo alimuoa Gabrielle Matthaei, naye mwanasayansi wa mimea kutoka Cambridge. Ni haki kumtaja mama huyu, kwa sababu kazi nyingi zilizompa mumewe sifa zilifanywa na wote wawili. Kwa pamoja walizalisha mbegu bora za ngano zilizoenea India kwa jina la Pusa, na walipanga majaribio yao bega kwa bega kwa miaka 25.

Pusa alipewa ekari 75 za kujaribia mambo yake. Mahali pa kuanza na dawa za kunyunyiza, alianza kwa kutembea mashamba ya wenyeji. Akaona jambo lililomshangaza: wakulima maskini wa jirani, wasio na dawa wala mbolea ya kiwandani, walikuwa na mimea isiyosumbuliwa sana na wadudu. Akaamua kuwafanya walimu wake. Wadudu nao akawafanya walimu, kwa sababu aliona kwamba mara nyingi wanavamia mmea ambao tayari una njaa, au ulioko pasipoufaa. Mdudu kwake alikuwa mjumbe wa habari mbaya, na habari zenyewe zilitoka kwenye udongo.

Alijaribu pia kwa ng'ombe. Maksai wake wa kazi aliwalisha majani na nafaka zilizoota kwenye ardhi iliyotiwa mboji nzuri. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia mashamba ya jirani, maksai hao walisuguana pua na wagonjwa juu ya ua, nao hawakuugua. Jambo hilo alilisimulia maisha yake yote, na ndilo lililomfanya aamini kwamba afya ya udongo, ya mmea, ya mnyama na ya mtu ni kamba moja. Wanasayansi wengi hawakuikubali imani hiyo kama alivyoisema, na si yote aliyodai juu ya magonjwa yaliyothibitishwa. Lakini kwamba udongo usio na mboji huchoka, hilo hakuna aliyempinga.

Mwaka 1924 alihamia Indore, India ya kati, kuongoza taasisi mpya ya mimea. Huko alikabiliwa na tatizo ambalo wakulima wetu wanalijua. Samadi haikutosha. India sehemu kubwa ya kinyesi cha ng'ombe ilikaushwa na kuchomwa kama kuni, kwa hiyo mashamba yalibaki bila chakula. Majani, mabua, magugu na mabaki ya pamba yalikuwapo tele, lakini ukiyafukia makavu hivihivi hukaa muda mrefu bila kuoza, na yanapooza huinyang'anya mimea chakula chake.

Jibu lake lilikuwa kuivuta samadi kidogo ifanye kazi kubwa. Alikuwa amesoma kitabu cha Mmarekani F. H. King, kilichotoka 1911, juu ya wakulima wa China, Korea na Japani waliolima ardhi ileile kwa karne nyingi kwa kurudisha kila taka shambani. Akachanganya maarifa hayo na yale ya Wahindi na vipimo vya maabara. Msaidizi wake, mkemia Yeshwant Wad, alifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Njia waliyoitunga ikaitwa njia ya Indore.

Ukiitazama, njia yenyewe haina uchawi. Tabaka la mabaki makavu ya mimea, juu yake samadi kidogo, juu yake udongo wenye mkojo wa mifugo na majivu ya kuni, kisha maji. Tabaka jingine tena, na jingine, mpaka lundo lifike kimo cha kiunoni. Ndani yake vijidudu visivyoonekana kwa macho huanza karamu. Lundo linapata joto, linaweza kufika karibu nyuzi 65, joto linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Baada ya wiki mbili au tatu linageuzwa ili hewa iingie, kisha linageuzwa tena. Kwa miezi mitatu hivi kinatoka kitu cheusi, kinachomomonyoka mkononi, chenye harufu ya ardhi baada ya mvua.

Mambo manne ndiyo siri: mchanganyiko wa kikavu na kibichi, maji ya kiasi, hewa, na subira. Kikizidi kibichi, linanuka. Kikizidi kikavu, linalala.

Gabrielle alifariki mwaka 1930. Mwaka uliofuata Howard alistaafu na kurudi Uingereza, na kitabu alichokiandika pamoja na Wad juu ya njia ya Indore kikatoka mwaka huohuo wa 1931. Alimuoa Louise, dadake marehemu mkewe, ambaye baadaye aliandika habari za maisha na kazi yake.

Sasa tufike kwetu. Mapema mwaka 1933 Howard alikuwa katika ziara ya Afrika, na alifika Nairobi akiwa na mpango wa kwenda kuona Bonde la Ufa. Kabla hajaondoka alijiwa na Meja Belcher, msimamizi wa shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu. Mwenye shamba, Meja Grogan, alikuwa ametoa amri kwamba taka zote zigeuzwe mboji kwa njia ya Indore, na msimamizi alitaka kuonyeshwa. Howard akaiacha safari ya Bonde la Ufa. Siku ile akaimaliza Kingatori, kati ya maganda ya buni, matawi yaliyopogolewa, majani na samadi ya boma. Shamba hilo likawa la kwanza la kahawa Afrika kuifuata njia yake, na kutoka hapo habari zikaenea kwa wakulima wengine wa kahawa.

Pwani nayo haikupitwa. Katika miaka hiyo ya 1930, kwenye shamba la mkonge la Taveta, mabaki yanayobaki baada ya kukamua nyuzi yalianza kugeuzwa mboji. Anayejua mkonge anajua kwamba nyuzi ni sehemu ndogo sana ya jani, na kinachobaki ni milima ya taka zinazonuka. Howard aliitaja kazi hiyo ya Taveta katika kitabu chake cha mwaka 1940 kama mfano kwa nchi nyingine.

Lakini habari hii ina upande wa pili, na si vyema kuuficha. Ewart Grogan ni yuleyule aliyevuma kwa safari yake ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, na ni yuleyule aliyewapiga viboko Wakikuyu hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Waliolijenga lundo la Kingatori, waliobeba vikapu na kuligeuza kwa uma, walikuwa vibarua Waafrika ambao wakati huo sheria za mkoloni ziliwazuia kupanda kahawa yao wenyewe. Majina tunayoyasoma katika kisa hiki ni ya mameja. Kwa hiyo maarifa yaliyochotwa kwa wakulima wadogo wa India na China yalifika Kenya, yakaingia kwanza katika mashamba ya walowezi, na mkulima mdogo wa hapa akawa wa mwisho kuyapata, tena mara nyingi kwa amri na faini za miaka ile ya matuta ya lazima. Ndiyo maana wazee wengi walipoambiwa juu ya kuhifadhi udongo walinusa ukoloni.

Je, Howard angefika Bonde la Ufa mwaka ule, angeona nini? Angeona nchi waliyohamishwa Wamaasai na mifugo yao kwa mkataba wa 1904, ikiwa imegeuzwa mashamba ya ngano, mahindi na pareto. Yeye alikuwa mtu wa ngano, na Njoro tayari palikuwa na kituo cha kuzalisha mbegu za ngano tangu 1927. Angesikia pia habari za Lord Delamere, aliyeleta kondoo Njoro wakadhoofika na kufa kwa wingi. Uchunguzi ulionyesha kwamba udongo wa sehemu hizo ulipungukiwa na madini ambayo macho hayayaoni. Ugonjwa wa kudhoofika kwa mifugo kwa kukosa madini ya kobalti ulipewa mpaka jina la Nakuru. Nyasi zilikuwa kijani, na mnyama alikuwa anakufa na njaa. Kwa mtu aliyeamini kwamba afya huanzia kwenye udongo, pale palikuwa darasa tosha.

Na angefika leo? Mashamba makubwa mengi yamegawanywa. Mkulima wa Molo, Bahati, Njoro au Subukia ana ekari moja au mbili, na hana nafasi ya kuipumzisha ardhi. Kila msimu anavuna viazi, kabichi, karoti na mahindi, na lori linaondoka. Kinachorudi ni gunia la mbolea ya dukani, ambayo mwaka 2022 bei yake ilipita shilingi 6,000 kwa kilo 50 mpaka serikali ikalazimika kuipunguza kwa ruzuku. Mbolea hiyo inasaidia, lakini ile ya kupandia aina ya DAP ikitumika miaka nenda miaka rudi peke yake huzidisha uchachu wa udongo, na tatizo hilo limejitokeza katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa.

Howard alizikataa mbolea za viwandani kabisakabisa, na katika hilo aliwaudhi wengi. Wataalamu wa leo kwa kawaida hushauri kuchanganya: mboji iujenge udongo ushike maji na chakula, na mbolea kidogo ya dukani ijazie pengo. Mkulima asiye na mboji hutia mbolea kwenye kikapu kilichotoboka. Mvua ikija, inaondoka nayo.

Na rutuba ya Molo iko wapi? Nusu ya jibu liko Gioto, jaa la mji wa Nakuru lililo kwenye miteremko ya upande wa Menengai. Takataka za soko na za majumbani humwagwa huko zikiwa zimechanganyika na plastiki na chupa, watu wanaishi kwa kuzichokora, na mvua ikinyesha maji machafu huteremka kuelekea mjini na Ziwa Nakuru, ziwa lililotambuliwa kimataifa kama ardhioevu muhimu tangu 1990. Kitu ambacho kingelisha shamba kinachafua ziwa. Vikundi vya wakusanyaji taka mjini Nakuru vimewahi kugeuza taka hizo kuwa mboji na kuwauzia wakulima, kwa hiyo jambo linawezekana. Ugumu ni kwamba taka zikishachanganywa nyumbani, kuzitenga jaani ni kazi ya mateso.

Nusu nyingine ya jibu, ndugu msomaji, iko kwetu. Viazi vya Molo na kabichi za bara husafiri zaidi ya kilomita 600 mpaka Kongowea, na kutoka Kongowea mpaka sufuriani mwako. Maganda unayoyatupa ni udongo wa Bonde la Ufa ulioulipia nauli. Zamani mengi yaliishia Kibarani, pembeni ya bahari. Kibarani pamefungwa, sasa taka zinapelekwa Mwakirunge, na kunguru wamezifuata. Nasi tukitaka kupanda mchicha na bamia nyuma ya nyumba tunanunua mbolea.

Njia ya Howard ilitungwa kwa mashamba, lakini inaingia hata kwenye ua mdogo. Shimo la futi mbili, au ndoo kuukuu iliyotobolewa matundu ubavuni na chini, inatosha. Weka majani makavu chini. Kila siku tia maganda ya ndizi na viazi, majani ya chai, vichwa vya mboga, machicha ya nazi, maganda ya mayai, na kila ukitia kibichi funika kwa majani makavu yaliyo mengi zaidi, mara mbili au tatu yake. Nyunyiza udongo kidogo wa bustani, na samadi ya kuku au mbuzi ikiwepo. Nyama, miba ya samaki, mafuta na wali uliobaki usitie, utaita panya na paka wa mtaa mzima. Makumbi na vifuu huchukua muda mrefu sana kuoza, visitegemewe.

Unyevu uwe kama wa machicha yaliyokwisha kukamuliwa: ukibana, mkono ulowe lakini kusitone. Geuza kila baada ya wiki mbili au tatu. Ikinuka, imelowa mno au imekosa hewa, basi ongeza majani makavu na ugeuze. Ikikaa baridi bila kubadilika, ongeza maji na kibichi. Nakuru, iliyo juu ya mita 1,800 na yenye usiku wa baridi, lundo huenda polepole. Kwetu joto linatusaidia, ila jua hukausha, kwa hiyo weka kivulini na ufunike kwa kuti. Majivu Howard aliyapenda, na udongo mchachu wa Bonde la Ufa unaweza kufaidika nayo, lakini ardhi yetu ya mawe ya matumbawe mara nyingi ina chokaa ya kutosha. Tia kidogo tu, au acha.

Kuna sheria pia. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza. Imepita Bungeni, mitaani bado. Gari la taka likija na tumbo moja, hata aliyetenga nyumbani huona kazi yake ikivurugwa mbele ya macho yake. Serikali za kaunti zina deni hapo, na wananchi tuna haki ya kulidai. Lakini ganda la kiazi halihitaji gari. Likibaki nyumbani, sehemu kubwa ya mzigo na harufu imeondoka mitaani, na mkulima wa mchicha wa uani hahitaji ruzuku.

Howard alipewa cheo cha Sir mwaka 1934, akaendelea kuandika na kubishana mpaka uzeeni. Kitabu chake cha 1940 kilisomwa Ulaya na Marekani na kikawa miongoni mwa misingi ya kilimo kisichotumia kemikali. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 1947, akiwa na miaka 73. Wakulima wa India ambao aliwaita walimu wake hawakupewa cheo, na Bonde la Ufa linaendelea kupeleka rutuba yake sokoni bila kurudishiwa.

Mboji huchukua miezi mitatu. Anayeanza lundo lake mwezi wa Desemba, masika yakiingia atakuwa na cha kutia kwenye tuta.